Tosti Haingoji Posa

Jepchumba hakuwa mtu wa kushindwa na wazee. Miaka kumi na minane alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee pale Lidcombe, mjini Sydney, na hakuna zamu iliyopita bila mzee mmoja kufunga mdomo na kuapa kwamba leo hali kitu, hata aje nani. Jepchumba huvuta kiti akakaa, akauliza habari za mbwa aliyekufa mwaka wa sabini na tatu, akakata chakula vipande vidogo, akaisogeza sahani pole pole kama mtu asiye na haja nayo, na kabla mzee hajajua kinachoendelea, kijiko kimeshaingia. Wenzake wakichoka walimwita yeye. "Niachieni huyo," angesema, na kweli huyo alikula.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwezi wa saba, alipopanda gari kwenda Ingleburn kumposea kijana wake, hakuwa na wasiwasi hata chembe. Bibi wa miaka themanini na miwili? Hao ndio watu wake. Aliwajua nje ndani.

Kijana mwenyewe aliitwa Kimutai, fundi wa umeme wa miaka ishirini na saba. Jepchumba hakumzaa. Alizaliwa na dada yake, Jerotich, aliyefariki Kapsabet mtoto akiwa na miaka sita, na baba wa mtoto alikuwa ameshatoweka zamani, hata jina lake halitajwi. Siku mbili kabla ya kukata roho Jerotich alimshika Jepchumba mkono na kumwambia neno moja tu: "Usimwache aoe kama mtu asiye na watu." Jepchumba aliitikia. Akamlea, akamleta Sydney, akamsomesha, akamgombeza, akamwombea. Sasa mtoto amepata mchumba, Tegan, msichana wa Ingleburn aliyelelewa na bibi yake, na siku ya kutimiza ahadi ilikuwa imefika.

Na kutimiza ahadi kulikuwa na masharti. Katika ukoo wao, mtu anayekwenda kuomba binti haonji kitu cha mwenye nyumba mpaka ajibiwe. Si chai, si maji, si punje ya karanga. Ukila kwanza, umekwenda kutembea tu. Wenye binti wanaweza kukushibisha, wakakupigia hadithi, wakakusindikiza mpaka langoni, na neno lako limebaki mfukoni. Ukikaa na njaa, kila mtu anajua umekuja kwa jambo. Tena anayeoa haingii ndani. Anangoja nje mpaka aitwe.

Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa Mjomba Barnaba, kaka mkubwa wa Jepchumba na Jerotich, aliyekuwa Kapsabet na simu yake. Jioni angepiga. Hangeuliza nyumba ilikuwaje wala bibi alivaa nini. Angeuliza jambo moja tu: mlikula kabla au baada? Ukimjibu kabla, basi kwake hakuna posa, na Kimutai ataoa bila baraka ya upande wa mama, ambao ndio upande pekee aliokuwa nao duniani. Kumdanganya Barnaba nako kusingewezekana. Jepchumba ana mambo yake mengi, lakini uongo haumo.

Kosa lilikuwa lake, tuseme ukweli. Wiki moja kabla, Kimutai alimwuliza, "Mama, nimwambie Tegan bibi yake asipike?"

"Apike nini?" Jepchumba akacheka. "Wewe hujui wazungu wa hapa? Hawampikii mgeni wa saa sita. Atatoa chai na biskuti mbili kwenye kisahani, tutasema asante, tutakunywa baadaye, na mambo yataisha. Usimsumbue bibi wa watu."

Miaka kumi na minane ya kuwajua nje ndani! Haya basi.

Walikwenda watu watatu, mbali na Kimutai aliyeendesha. Jepchumba ndiye msemaji. Wa pili alikuwa Mzee Mugambi, Mmeru wa kanisani kwao, msimamizi wa ghala huko Wetherill Park, mtu mwenye mvi za kutosha, sauti nzito na tumbo la kulingana na sauti. Aliletwa kwa ajili ya mvi. Wa tatu alikuwa Emérance, jirani yake, Mkongomani wa Bukavu, ambaye hakuletwa na mtu. Alijialika mwenyewe, akavaa kitenge kipya, akaingia garini.

"Kwani hata maji?" Mugambi aliuliza walipokuwa njiani. Hakuwa amekula asubuhi, kwa sababu alidhani posa ni posa, na posa huwa na pilau.

"Hata maji, Mzee."

"Na dawa yangu ya presha je? Nitaimeza na nini?"

"Na mate," Jepchumba akamwambia.

Kimutai aliegesha gari mtaani, mbele ya nyumba ndogo ya rangi ya maziwa yenye lango la chuma lililopigwa rangi upya. Alizima injini, akakaa mikono juu ya usukani. Kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Jepchumba alimpangusa bega, ingawa halikuwa na vumbi. "Usitoke mpaka uitwe," akasema. "Nusu saa tu. Huyu bibi nitamweka kiganjani."

Bi Noelene, bibi yake Tegan, alifungua mlango kabla hawajabisha. Alikuwa peke yake nyumbani, bibi mfupi, mkavu, nywele zimetengenezwa saluni asubuhi hiyo hiyo, mdomo umepakwa rangi nyekundu, aproni imepigwa pasi. Akawakaribisha, akawavua makoti, akawapitisha moja kwa moja mpaka mezani. Hapo Jepchumba aliona kitambaa cheupe, visu, uma na leso za nguo. Moyo ukamwambia, mama, umekwisha.

Halafu harufu ikaja.

Jamani, ile harufu! Siagi, maziwa ya moto, pilipili manga na nyama iliyochemka tangu alfajiri mpaka ikalegea. Bi Noelene aliingia na sahani mbili, akarudi na mbili nyingine. Juu ya kila sahani kulikuwa na vipande viwili vya tosti vilivyokauka vizuri, na juu ya tosti amemwagia nyama ya ng'ombe ya chumvi, imekatwa ndogo ndogo ikaungwa kwa sosi nzito nyeupe, njegere zikichungulia humo ndani. Moshi ulipanda. Mugambi akameza mate mpaka yakasikika.

"Hii alikuwa akitupikia mama," Bi Noelene alisema akiketi. "Tulikuwa watoto saba. Nyama ya Jumapili ikibaki vijipande, nyama ya watu wawili, anaitia maziwa na unga, anaimwaga juu ya mkate, tunashiba wote. Mtu akifiwa tulikula hii. Mtu akipata kazi tulikula hii. Siku hizi hakuna anayeijua, watu wanaicheka, wanasema chakula cha shida. Lakini leo sikutumia mabaki. Nimenunua nyama nzima kwa ajili yenu. Kuleni basi, kuleni ingali moto. Tosti haingoji mtu."

Hakuna aliyeshika uma.

Jepchumba alikaa wima, mikono mapajani. Emérance naye hivyo hivyo. Mugambi alikuwa ameinua macho kwenye dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Bi Noelene," Jepchumba alianza kwa sauti yake ya heshima, "tunakushukuru sana. Lakini tuna neno kwanza."

"Neno baadaye. Kwanza sahani." Bibi alitabasamu. "Marehemu mume wangu, Merv, aliweka sheria kwenye meza hii. Hakuna mambo mazito kabla sahani haijawa tupu. Merv alisema watu wenye njaa wanaamua ujinga. Miaka hamsini na minne hatujaivunja."

"Na sisi kwetu hatuli kabla ya neno."

"Mtakula tu. Hamjaonja ndiyo maana."

Hapo Bi Noelene akaanza kazi, na Jepchumba akapigwa na butwaa, maana kazi yenyewe aliijua. Bibi alivuta kiti karibu na Mugambi. Akamwuliza habari za watoto wake. Akachukua kisu, akamkatia tosti vipande vidogo vidogo vya pembe tatu, huku akizungumza mambo mengine kabisa. Akaisogeza sahani, pole pole, kama mtu asiye na haja nayo. Mungu wangu, Jepchumba akasema moyoni, ananifanyia mimi yangu.

Tumbo la Mugambi likanguruma. Mkono wake ukatoka pajani, ukapanda mezani, ukaanza kutambaa kuelekea uma. Jepchumba akamkanyaga mguu chini ya meza, na hakumkanyaga kwa mzaha. Mkono ukarudi.

Bi Noelene aliona. Tabasamu likamtoka pole pole. Akazitazama sahani tatu zisizoguswa, akaitazama sosi inavyonywea ndani ya mkate, kingo za tosti zinavyolainika na kulala. Ngozi nyembamba ilikuwa imeanza kujifunga juu ya maziwa.

"Ni nyama?" akauliza. "Dini yenu inakataza?"

"Hapana, mama. Tunakula nyama sana."

"Basi ni mkono wangu."

"Hapana! Ni desturi yetu. Tukija kuomba jambo..."

"Nimeshasikia sababu nyingi za watu kutokula chakula changu," Bi Noelene alisema, na sauti yake sasa ilikuwa baridi kuliko huko nje. "Mama yake Merv alikuwa akija hapa kila Krismasi. Miaka kumi na tisa. Anakaa hapo ulipokaa wewe. Leo tumbo, kesho meno, keshokutwa daktari amemkataza. Hakuwahi kuonja hata chumvi ya nyumba hii mpaka tukamzika, kwa sababu baba yangu alikuwa mzoa taka na mama yangu alitulisha mabaki. Sikusema kitu kwa sababu ya Merv. Lakini Merv hayupo, na mimi sasa ni mzee, sina wa kumwogopa."

Akainuka. Akachukua sahani ya Mugambi, ya Emérance, ya Jepchumba na yake mwenyewe, akazipanga mkononi kama mtu aliyewahi kufanya kazi hotelini.

"Makoti yenu yako mlangoni," akasema, akaingia jikoni.

Mugambi ndiye aliyesema kwanza. "Dada Jepchumba, tumefukuzwa. Mimi nimefukuzwa na njaa juu yake."

Emérance akamwinamia jirani yake. "Mama, sikia. Ule mama iko na kilio ndani ya roho. Si hasira, ni kilio njo iko naye. Enda kule kwake. Ukibaki hapa, mutoto atabakia ku gari mpaka mwaka kesho."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Jepchumba aliogopa, na aliogopa hasa. Akila, amemvunjia dada yake ahadi, na jioni Barnaba atauliza swali lake. Asipokula, Tegan hapatikani, kwa maana msichana yule hangeolewa juu ya machozi ya bibi yake, na Kimutai hangemwomba afanye hivyo. Nusu saa, alikuwa amejigamba. Kiganjani! Akajipiga moyo konde, akainuka, akafuata jikoni.

Jikoni palikuwa pembamba, hapatoshi watu wawili wanene. Bi Noelene alikuwa ameinamia ndoo ya taka, anakwangua sahani kwa kisu. Tosti zilizolowa zilianguka moja baada ya nyingine kwa sauti nzito. Hakugeuka.

"Mama mkwe wako hakula kwa sababu alikuona mdogo," Jepchumba alisema akiwa bado mlangoni. "Mimi sili kwa sababu nakuona mkubwa. Nimekuja kukuomba kitu ambacho siwezi kukinunua popote. Nikishiba kwanza nitakuwa nimekuja kutembea tu. Mate yananitoka, Bi Noelene. Mzee wangu pale mezani karibu ale kitambaa. Lakini mpaka unijibu, siwezi."

Kisu kikasimama.

"Na mimi siwezi kujibu mpaka mle," bibi alisema. "Hiyo ni sheria ya meza, na sitaivunja kwa ajili ya mtu niliyemjua leo."

"Ni ya meza?"

"Nimesema ya meza."

"Hapa si mezani," Jepchumba akasema. "Hapa ni jikoni. Tumesimama. Mkate upo?"

Bi Noelene akageuka sasa, akamtazama kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Sosi iko kwenye sufuria," Jepchumba akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeanza kurudi. "Choma tosti nyingine. Nitaomba mkate ukiwa motoni, na wewe utajibu mkate ukiwa motoni. Ukiiva, ama tunakula sote, ama nachukua koti langu. Hakuna aliyevunja kitu."

"Jiko langu linachukua dakika mbili. Moja kila upande."

"Zinanitosha."

Zingemtosha nani! Mwanamke huyu alikuwa ameandaa hotuba ya robo tatu ya saa. Alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni, na Emérance alikuwa ameisikiliza yote mara mbili. Lakini bibi alikuwa ameshapanga vipande sita kwenye trei, ameisukuma chini ya moto wa juu wa jiko, na anatazama saa ya ukutani.

"Bi Noelene," Jepchumba akaanza kwa kasi, "sisi ni wasafiri. Tumevuka mito na mabonde. Tulipokuwa tunapita hapa tukaona, katika bustani yako, ua zuri sana, na kijana wetu..."

"Ua gani? Sina maua. Tegan ameyaua yote nilipolazwa. Mwezi mzima hakumwagilia hata kopo moja."

"Si ua la kweli. Ni namna ya kusema. Ua hilo, tunaomba tulihamishe..."

"Unataka kuhamisha nini kwenye bustani yangu?"

"Hakuna! Ngoja nieleze..."

"Upande wa kwanza umekwisha," Bi Noelene alisema, akavuta trei, akageuza vipande sita kwa vidole vitupu, akairudisha.

Robo tatu ya saa yote ilikuwa imemtoka Jepchumba kichwani: mito, mabonde, ua na ng'ombe. Hakubaki na kitu ila jambo lenyewe.

"Dada yangu alikufa mtoto ana miaka sita," akasema. "Mtoto alilala kitandani kwangu, kila usiku ananishika sikio, akiogopa kwamba akilala mimi nitaondoka. Sikuondoka. Sikuolewa mimi, nilimlea yeye. Anazima taa akitoka chumbani. Hapigi mlango. Akikosea anasema nimekosea, ingawa inamchukua siku mbili. Anampenda Tegan mpaka anachekesha. Nakuomba umruhusu amwoe. Basi. Sina kingine."

Moto ulivuma. Bi Noelene alikuwa amelishika pindo la aproni kwa mikono yote miwili.

"Mama yake Tegan alikuwa binti yangu," akasema mwishowe. "Wa pekee. Nilimpeleka kanisani mwenyewe, nikampa mwanamume aliyekuwa na maneno matamu sana. Yalipoharibika, watu wa mume wote, kila mmoja, walisimama upande wa mtoto wao. Binti yangu alirudi hapa na begi moja na Tegan. Hakuishi sana baadaye." Akamtazama Jepchumba machoni. "Kwa hiyo mimi nina swali moja. Siku yakiharibika, wewe utasimama upande wa nani?"

Jepchumba hakuhitaji hata kupumua. "Upande wa mwenye haki. Na kama Kimutai ndiye mwenye kosa, nitakuja na gari langu mwenyewe nimtoe nyumbani kwa sikio, Tegan abaki ndani na funguo. Nitamwambia mbele yako. Nitamwambia mbele ya ukoo mzima. Nilimlea mimi, namjua pa kushika."

"Kwa sikio."

"Kwa sikio. La kushoto ndilo linalouma zaidi."

Kitu kikacheza kwenye mdomo wa bibi, pale kwenye rangi nyekundu. Na hapo hapo harufu nyingine ikawafikia, kali, na moshi mwembamba ukachungulia pembeni mwa trei. Hata mmoja wao hakusogea.

"Tegan nilimwuliza jana," Bi Noelene alisema. "Alisema ndiyo kabla sijamaliza kuuliza. Mimi siwezi kukataa."

"Samahani, mama. Siwezi kupeleka hilo nyumbani. Nataka neno lenyewe."

"Wewe mwanamke ni msumbufu."

"Ndiyo. Neno?"

"Ndiyo," Bi Noelene akasema. "Ndiyo, amwoe! Sasa niondokee nitoe mkate wangu, unaungua!"

Ulikuwa umeshaungua. Vipande vyote sita vilikuwa vyeusi upande mmoja. Bi Noelene hakuvitupa. Aliviinamisha juu ya sinki, akavikwangua kwa kisu mpaka weusi ukatoka wote, huku machozi yakimshuka na yeye akijifanya ni moshi. Jepchumba naye alikuwa na moshi wake machoni. Akachukua sufuria, akakoroga sosi, akamwagia bila kupima.

Mezani, Mugambi alipoona sahani zinarudi na sura ya Jepchumba ilivyo, hakuuliza. Alishukuru Mungu kwa sentensi moja, jambo ambalo halijawahi kutokea kanisani kwao, akashika uma. Alikula vipande vyake viwili, akala kimoja cha Emérance alipogeuza shingo, akaomba chumvi, akaomba mkate zaidi. Emérance alitafuna akafumba macho. "Mais, bazungu banaficha bintu," akasema. "Hii njo bukari yabo. Inashuka polepole mpaka ku miguu." Jepchumba alipotafsiri, kwamba huu ndio ugali wa wazungu, Bi Noelene alicheka mpaka akashika ubavu, akamwongezea.

Na Jepchumba? Alikula. Nyama ilikuwa laini, chumvi imekaa mahali pake, maziwa yanapita kooni kama uji wa utotoni, na chini kabisa kulikuwa na uchungu kidogo wa mkate ulioungua. Alikula kwa raha ya mtu aliyeshinda. Jioni Barnaba apige tu simu.

"Yule mtoto bado yuko garini?" Bi Noelene akauliza ghafla.

Walikuwa wamemsahau. Jepchumba akasimama, lakini bibi alikuwa ameshakwangua sufuria, amejaza sahani, na anatoka nayo mlangoni bila koti. Jepchumba akamfuata, akasimama barazani. Baridi ilimpiga usoni.

Bi Noelene aligonga kioo. Kimutai alishusha dirisha, akapokea sahani kwa mikono miwili, akapewa uma. Miaka miwili kijana huyu alikuwa amekula mezani kwa bibi huyu kila Jumapili, bila kuambiwa mara mbili. Leo hakula. Uma ulibaki hewani. Alikuwa anatazama juu ya bega la Bi Noelene, mpaka barazani, anamtazama yeye.

"Anangoja nini?" bibi akauliza. "Itapoa."

"Ananingoja mimi," Jepchumba alisema.

Neno lilikuwa fupi, na siku nzima alikuwa amelipigania. Sasa lilikataa kutoka. Maana alijua, barazani pale, kwamba akilisema hatakuwa tena na mtoto wa kumshika sikio usiku. Atakuwa na mtu mzima mwenye mke, mwenye nyumba yake, atakayekuja kumtembelea akiwa na nafasi. Miaka ishirini na moja alikuwa amemlisha, na hajawahi kufikiria kwamba ahadi ile ingeishia kwa yeye kubaki na sahani moja mezani. Alitaka kumwita Jerotich amwambie, ulinipa kazi ngumu, dada, na hukuniambia mwisho wake.

Kimutai hakusogea. Sosi ilikuwa inanywea mkateni polepole, na macho yake hayakumtoka.

"Kula, baba," Jepchumba akasema.

Akala.